Mradi wa Kurudi Kazini: Shajara ya Karani wa Takwimu

Februari 2025: andiko la mradi

Jina la mradi: Kurudi Kazini. Eneo la utekelezaji: Jiji la Mwanza, kuanzia Igoma ninakoishi hadi nauli itakapoishia. Mfadhili mkuu: mke wangu. Muda wa utekelezaji: haujulikani, na hapo tu andiko hili lingeshakataliwa na mfadhili yeyote mwenye akili zake.

Naandika kwa mtindo huu kwa kuwa ndiyo lugha iliyokuwa inanipa mkate. Nilikuwa karani wa takwimu katika mradi wa VVU. Kituo changu kilikuwa chumba kidogo nyuma ya kliniki ya tiba na matunzo, ile tunayoiita CTC, na kazi yangu ilikuwa kuchukua alichoandika muuguzi kwenye fomu na kukiingiza kwenye kompyuta: tarehe ya hudhurio, uzito, dawa, wingi wa virusi, tarehe ya kurudi. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe, na siku nne baadaye ikafuata amri ya kusimamisha kazi zilizokuwa zinaendelea. Kwetu habari ilifika usiku kwa WhatsApp. Asubuhi tukaambiwa tukabidhi kompyuta na tusubiri maelekezo. Nje, wateja walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi na kadi zao mkononi.

Kupoteza kazi kwa namna hii kuna unafuu wake: hakuna anayekuuliza ulifanya kosa gani. Ubaya wake ni kwamba tumetoka wote kwa mpigo. Makarani wa takwimu, washauri nasaha, maafisa ufuatiliaji na tathmini, madereva, wahudumu wa ngazi ya jamii, wote tumeingia mtaani kwa pamoja, tunaomba nafasi zilezile, na CV zetu zinafanana hadi maneno kwa sababu tulipeana mfano mmoja.

Sasa viashiria, yaani vipimo vya kujua kama mradi unasonga. Nilipoanza kuorodhesha vya kwangu, cha kwanza kilichokuja ni "kupata kazi". Nikakifuta. Aliyefanya kazi ya takwimu anajua tofauti ya shughuli na matokeo: kufanya mafunzo ni juu yako, watu kubadilika si juu yako peke yako. Kupata kazi kunategemea bajeti ya mwajiri, waombaji wengine, na mambo mengine nisiyoyaona. Nikijipima kwa hilo kila Ijumaa nitaandika sifuri kila Ijumaa, na sijui ni nani anayeamka na nguvu Jumatatu baada ya kujiandikia sifuri mfululizo. Kwa hiyo nimechagua vitatu ambavyo vyote viko mikononi mwangu. Maombi niliyoyaandika upya kwa ajili ya kazi husika, ya kunakili hayahesabiwi. Watu niliozungumza nao kuhusu kazi kwa mdomo, salamu za "mambo, poa" hazihesabiwi. Na kutoka nyumbani nimevaa kabla ya saa mbili asubuhi, siku za kazi. Hicho cha tatu mke wangu alikicheka mpaka akakaa chini.

Machi

Tarehe 10 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa. Mpaka siku hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp hakukosekana wa kusema "siku 90 zikiisha tunarudi". Sikumbishia, maana na mimi nilikuwa nasubiri aliseme tena. Baada ya tangazo lile kundi lilinyamaza, halafu mtu akatuma nafasi ya udereva iliyotangazwa Geita, na mazungumzo yakageuka. Nadhani habari ile mbaya ilitusaidia. Anayengoja hatafuti.

NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Wengi hawajui, na waliosikia wanadhani ni maneno tu: kuna fao la kukosa ajira. Lilikuja na mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Nilipeleka barua ya kusitishiwa mkataba, kitambulisho na taarifa za benki, nikajaza fomu. Theluthi ya mshahara haitoshi kodi, ada na unga kwa pamoja. Lakini ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kitu chenye tarehe naweza kukiweka kwenye mpango kazi. Wenzangu kadhaa walikuwa hawajafuatilia, mmoja akisema anaona aibu kukaa kwenye foleni ile. Aibu ya nini, na ni michango yako mwenyewe?

Jambo jingine la mwezi huu limetoka mbali. Chuoni nilisoma sosholojia, na kuna utafiti niliukariri kwa ajili ya mtihani bila kuuelewa. Marienthal ni kijiji cha Austria kilichokuwa kinaishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Mdororo mkuu wa uchumi ulipokuja kiwanda kikafungwa, karibu kijiji kizima kikabaki bila kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuwachunguza na kuchapisha walichokikuta mwaka 1933. Walihesabu vitu vidogovidogo. Maktaba ya kijiji ilikuwa imefuta ada ya kuazima, lakini kati ya 1929 na 1931 vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu, na muda wa kusoma watu walikuwa nao tele. Walijificha dirishani na saa mkononi, wakapima mwendo wa watu barabarani: wanaume walikwenda taratibu kuliko wanawake, tena wakisimamasimama. Wanawake nao hawakuwa na ajira, ila nyumba zilikuwa zinawadai maji, chakula, watoto na nguo za kushona. Wanaume walipoulizwa siku yao imekwendaje, walikumbuka kuamka, chakula cha mchana na kulala. Katikati hapakuwa na kitu.

Safari hii nimeielewa, kwa sababu nimeiona sebuleni kwangu. Mke wangu anaamka saa kumi na moja, anachoma vitumbua, anauza, anarudi, anafua, jioni anakwenda kikoba. Mimi saa nne nilikuwa bado nimeshika simu naipandisha na kuishusha. Jahoda baadaye alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, humpa mtu mpangilio wa muda, watu nje ya familia yake, lengo analoshirikiana na wengine, hadhi, na shughuli ya lazima. Mshahara ukiondoka, hivyo vyote vinaondoka nao kimyakimya na hakuna fao linalolipwa kwa ajili yake. Ndiyo maana siwaelewi wahamasishaji wanaosema anza kwa kuamini, mengine yatafuata. Mtu aliyejilaza saa nne asubuhi aamini nini? Atoke kwanza. Matumaini ni kitu kinachomkuta mtu akiwa tayari ameshavaa viatu.

Mke wangu hakicheki tena kiashiria cha tatu. Anasema angalau sasa anapata nafasi ya kufagia.

Aprili

Ofisi ya mradi imepatikana: maktaba ya mkoa, meza ya karibu na dirisha. Kuna wenzangu pale, kila mmoja na bahasha yake. Nilidhani nitakuta wanafunzi wa kidato cha sita, kumbe nusu ya meza ni sisi watu wazima tunaojiandaa na usaili, tunasoma Katiba na sheria za utumishi wa umma kama vile tunarudia mtihani wa taifa.

Maombi ya serikalini yanapita Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kujisajili ni bure, ila mfumo haujui kubembeleza. Unataka namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita (karatasi za matokeo hazipokelewi), cheti cha taaluma, cheti cha kuzaliwa, wadhamini watatu, barua iliyosainiwa, na umri usiozidi miaka 45. Kijana mmoja hapa maktabani anaitwa Musa: cheti cha kidato cha nne kina s moja, NIDA ina mbili. Kwa herufi hiyo moja amezunguka kwa wakili na kwa msajili kutengeneza hati ya kiapo cha jina. Mwenye kusoma hapa na bado hajafika huko, toa vyeti vyako vyote leo, viweke mezani, soma jina herufi kwa herufi. Ni kazi ya nusu saa na haihitaji bando.

Steshenari ninayotoa kopi inaendeshwa na dada mmoja ambaye nadhani amesoma barua nyingi za kazi kuliko afisa utumishi yeyote mkoani. Anaziprinti mchana kutwa. Siku moja nikiwa nasubiri zamu yangu, alimsogezea kijana aliyekuwa mbele yangu karatasi yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Kaka, samahani, si kazi yangu. Lakini 'husika na kichwa cha habari hapo juu' leo nimeitoa mpaka wino unaelekea kuisha. Wewe unajua kufanya nini?"

"Mimi? Najua mambo ya stoo. Kupokea mzigo, kuhesabu, kutoa."

"Sasa mbona hujaiandika humu?"

Kijana akacheka, na sisi wa nyuma tukacheka naye, kila mtu akiangalia barua yake kwa chini. Ni kweli. Tumefundishwa shuleni kwamba barua rasmi huanza hivyo, ikafuatiwa na "mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka", halafu "ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa". Anayeisoma amefika mwisho hajui kama anaajiri mhasibu au fundi bomba. Barua yangu sasa inaanza na kazi: natunza kumbukumbu za wateja wa kliniki, nagundua taarifa zinazopishana kati ya fomu na kompyuta, natoa ripoti ya mwezi kwa tarehe iliyopangwa. Salamu na unyenyekevu nimeviweka mwishoni, havijapotea.

Mei

Kliniki tulikuwa na orodha ya wateja waliopitiliza tarehe ya kurudi. Kila wiki mtu alikaa na simu na kuwapigia mmoja mmoja, na kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa: usigombe. Usiseme "mbona umepotea", maana huyo ndiye atakayezima simu. Sema tu uko kliniki, ulikuwa unamkumbuka, na mlango uko wazi. Wengi walirudi kwa hilo.

Mwezi huu nimetengeneza orodha ya namna hiyo, ila waliopotea safari hii ni watu wangu mimi. Niliosoma nao. Niliokuwa nao kwenye Sensa ya mwaka 2022, tulipozunguka na vishikwambi kuhesabu kaya kuanzia tarehe 23 Agosti. Msimamizi wa zamani aliyehamia Shinyanga. Jirani wa Buzuruga aliyehama kabla ya korona. Napiga, nasalimia kama Mungu alivyotuagiza, nauliza hali ya nyumbani, ndipo naeleza: mradi umefungwa, natafuta kazi ya takwimu au kumbukumbu, ukisikia popote usinisahau. Siombi pesa, na hilo nalisema mapema ili mtu apumue.

Mtaani wanasema kazi ni koneksheni. Wakisema hivyo wanamaanisha kubebwa: mjomba aliye ofisini, jina lililopitishwa mlango wa nyuma. Hiyo ipo, sitajifanya sijaiona. Lakini kuna koneksheni ya aina ya pili ambayo ni kupashana habari tu, na hii haina dhambi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu wa mji wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu. Aliwauliza: huyo aliyekuambia mlikuwa mnaonana mara ngapi? Wachache walisema mara kwa mara. Wengi walisema mara mojamoja, na zaidi ya robo walisema kwa nadra. Sababu yake ukiifikiria iko wazi. Rafiki yako wa kila siku anajua unachokijua wewe, mnasoma kundi lilelile la WhatsApp. Aliyekaa mbali nawe anasikia ya huko aliko.

Hivyo nimeacha kuwasumbua wenzangu wa CTC, maana wote tuko kwenye foleni moja. Napiga simu kwa watu wa pembeni.

Juni

Mwezi mbaya. Nitaupitisha haraka.

Nilialikwa usaili ukumbini, tukakuta vijana waliovaa suti wanapiga makofi. Hakukuwa na kazi, kulikuwa na bidhaa za kununua kwanza ili uje uwe bosi wa wengine. Nilitoka kabla ya chai. Kijana wa NIDA yenye s mbili yeye alipigiwa simu na mtu aliyemtaka atume hela ya fomu ili jina lake "lisogezwe". Hakutuma. Anayekuomba pesa ili akupe mshahara, mpangilio wake wa biashara umeshajieleza.

Kisha kuna swali la "bado tu?". Linaulizwa kwa upendo, na wanaoliuliza ni watu wema: jirani, muumini mwenzangu, mwalimu wa mtoto. Nimegundua kwamba nikijibu "bado" mazungumzo yanakufa na mimi nakufa nayo kidogo. Nikijibu "wiki hii nimeomba sehemu ya ghala Nyakato, unamjua yeyote pale?" swali linageuka kuwa kazi ya yule aliyeuliza. Mara nyingine kweli anamjua.

Zile asubuhi za kutoka nyumbani zililegea. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa mzito tu. Mjomba wangu wa Misungwi alipiga simu katikati ya hali hiyo.

"Mjomba, huko mjini unalinda nini? Mpunga umekauka shambani, vijana wa kukata wanataka hela nyingi. Njoo."

Nilikwenda. Kukata mpunga, kupiga, kupepeta, kupakia. Mjomba hakuniuliza hata mara moja kuhusu kazi, aliniuliza tu kama mundu umeshakuwa butu. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Januari, na nikarudi Igoma na gunia la mchele lililonyamazisha kila mtu nyumbani. Katika ripoti ya robo mwaka hili lingeandikwa "mapumziko ya watumishi". Mimi naliandika kama shughuli, tena iliyofanikiwa. Mwili uliochoka kwa kazi haufanani hata kidogo na mwili uliochoka kwa kukaa.

Julai

Tarehe 1 USAID ilifungwa rasmi. Tuliandikiana kwenye kundi, kila mtu akatuma picha ya zamani ya ofisini, kisha tukaendelea na mambo yetu.

Habari kubwa ya mwezi ni dagaa.

Ilitoka kwenye orodha ya Mei. Yule jirani wa zamani wa Buzuruga ana shangazi anayefanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba, soko ambalo mzigo wa visiwani unashushwa na kupakiwa kwenda mikoani na nje, hadi Kongo. Mama huyu ni mfanyabiashara mzoefu, ana watu visiwani na wateja Lubumbashi, na kumbukumbu zake zote ziko kwenye kaunta buku tatu na kichwani mwake.

"Mwanangu, nimesikia ulikuwa unaandika takwimu hospitali."

"Ndiyo, mama."

"Basi niandikie na mimi. Mzigo nauona unatoka, hela siioni."

Asiyeijua biashara hii, kuna jambo moja lazima alielewe: inakwenda na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa pale tu kunapokuwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo hesabu za Mwaloni hazifungwi tarehe 30, zinafungwa kwa giza. "Giza lililopita tulitoa magunia mangapi?" ndivyo wanavyoulizana. Nilikuja na jedwali langu la Januari mpaka Desemba, mama akaliangalia kwa huruma. Tukalipanga upya kwa giza.

Nilikaa naye nikihamisha vitabu vile kwenye kompyuta ya mpwa wake, mstari kwa mstari. Mwanzoni alikuwa anamshuku kijana wake wa kupakia. Takwimu zikaonyesha kingine. Tatizo la kwanza ni mali kauli: mzigo uliotolewa kwa neno tu, mteja akiahidi kutuma akiuza. Kuna wateja waliochukua mzigo mpya kabla ya kulipa wa nyuma, giza baada ya giza, na kwa kuwa kila mmoja aliandikwa ukurasa tofauti katika kitabu tofauti, deni lao halikuonekana likiwa limekusanyika mahali pamoja. La pili ni chenga. Dagaa wakikaa na kusukumwasukumwa wanavunjika, na gunia lililoandikwa kama la chakula cha watu linaishia kuuzwa kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya chini, lakini kitabu kinabaki na bei ya juu. Kijana wa kupakia hakuwa na hatia yoyote.

Nilipomweka mama mbele ya ukurasa mmoja wenye majina na madeni, alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Akapiga simu Kigoma palepale. Sikusikia upande wa pili ulisema nini, ila mama alisema, "Baba, mimi si benki," na akakata.

Ananilipa kwa giza. Ni pesa ndogo, na ikifika mbalamwezi hakuna. Lakini nimeona kitu ambacho nilikuwa sikioni nikiwa CTC: ujuzi niliouita "kuingiza takwimu kwenye mfumo wa wateja wa VVU" ni ujuzi wa kugundua taarifa zinazopishana, na hizo ziko kila mahali penye daftari. CV imeandikwa upya kuanzia juu. Siri za wateja wa kliniki hazimo wala hazitakuwamo, na mama wa dagaa naye nimemwambia vitabu vyake havitoki Mwaloni.

Agosti

Wenzangu wanne wananitaka tuunde kikundi tuchukue mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Wamekwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, wamepata mfano wa katiba ya kikundi. Tatizo, nikiwauliza tutafanya biashara gani, kila mtu anajibu ya kwake. Mmoja kuku, mwingine mashine ya kopi, mwingine "tutajua mbele". Nimewaambia watafute wa tano asiye mimi. Mkopo usio na riba unabaki kuwa deni, na mimi kwa sasa sina biashara, nina kazi ya mkono ya giza hadi giza. Wawili wamenuna. Mwenye wazo la kopi namwamini, akiliandika peke yake nitamsaidia kuandaa hesabu.

Usaili wa mchujo, kada ya takwimu. Ulifanyika kwa kompyuta, maswali ya kuchagua, muda unakimbia kwenye kona ya kioo. Tulikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache, kama kawaida. Kundi la maktabani tulikuwa tumeulizana maswali mwezi mzima, kila mtu anatunga matano anampa mwenzake. Wapo wanaoficha maswali wakiogopa kupitwa. Sisi tuliamua kugawana, na sioni tulichopoteza: washindani wangu wako maelfu nchi nzima, huyu wa meza moja hawezi kuwa ndiye anayenizuia.

Baada ya mchujo sikuufikiria tena. Nasema kama nilivyofanya, si kwamba mimi ni jasiri. Ilikuwa giza, na mzigo wa Ukerewe ulikuwa umefika.

Septemba

Mwezi wa mwisho wa fao la NSSF. Nimelifunga kwenye mpango kazi kwa wino mwekundu. Pengo lake linazibwa na Mwaloni kwa sehemu, na vitumbua kwa sehemu kubwa. Nimeanza kumtunzia mke wangu hesabu pia, bila malipo. Amegundua anauza zaidi siku za mvua na anaharibu unga mwingi Jumamosi. Kila akiniona na kalamu sasa ananiita "bwana mkaguzi".

Mkeka umetoka, yaani orodha ya majina ya walioitwa. Wanaojua wanajua: saa tatu usiku, PDF la kurasa nyingi, mtandao umezidiwa, watu nchi nzima wanatafuta jina moja. Jina langu lipo kwenye walioitwa usaili wa mahojiano. La kijana wa s mbili lipo. La dada mmoja wa meza yetu, ambaye alikuwa anatushinda wote kwenye maswali ya takwimu, halipo. Alitutumia "hongereni sana" kabla sisi hatujapata la kumwambia. Asubuhi alikuwa maktabani kama kawaida na tukamkuta anafungua tangazo jipya. Tumekubaliana maswali ya mahojiano tutafanyia mazoezi mbele yake, yeye akiwa ndiye jopo, kwa kuwa hana huruma.

Tangazo limeeleza kuwa kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Mahojiano ni Dodoma. Nauli ya kwenda imetokana na giza lililopita, ya kurudi mke wangu ameitoa kwenye mgao wa kikoba na ameiandika kama mkopo kwa mradi. Malazi ni kwa shemeji. Vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA viko kwenye bahasha moja, kopi kwenye nyingine. Na tukipata alama za kutosha lakini nafasi zikajaa, majina yanaingia kanzidata kusubiri, kwa hiyo hata nikirudi na jibu zuri linaweza lisiwe mshahara wa mwezi ujao.

Maombi mengine hayasimami. Kuna ghala la Nyakato waliosema nirudi mwanzoni mwa Oktoba, na kampuni moja ya usafirishaji inayohitaji mtu wa kumbukumbu, niliyoisikia kutoka kwa mpwa wa mama wa dagaa. Barua ya usafirishaji nimeshaiandika. Ya ghala nitaiandika ndani ya basi.

Mama ameomba nifunge hesabu za giza hili kabla sijapanda gari Nyegezi. Kuna magunia ya mteja wa Kigoma ambayo hayajalipiwa, tena ni yuleyule.